Namna ya Kutibiwa Zahanati kwa Maradhi Madogo: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Karibu kila wiki, katika chumba cha kupokelea wagonjwa ninakofanyia kazi, hufika kijana aliyehamia mjini hivi karibuni, au mama aliyezoea kumwachia mumewe shughuli za hospitali, akauliza maswali yaleyale: je, nilipaswa kuweka miadi? Kwa nini napimwa presha ilhali ninaumwa koo? Kwa nini nimepewa Panadol peke yake baada ya kukaa foleni saa mbili? Hayo ni maswali halali, na anayeyauliza hastahili kujibiwa kwa mkato dirishani. Ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu, unaohusu zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara, vya serikali na vya binafsi, kwa matatizo kama homa, mafua, kikohozi, kuharisha, koo, fangasi, macho mekundu, vidonda vidogo na maumivu wakati wa kukojoa.

Zahanati ndiyo mlango wa kwanza wa matibabu. Juu yake kuna kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda na ya taifa. Huhitaji miadi, kwa kuwa unafika, unaandikishwa na kusubiri zamu yako. Atakayekuona mara nyingi ni tabibu, si daktari mwenye shahada, na jambo hilo lisikutie wasiwasi, maana maradhi madogo ndiyo anayoyaona kutwa nzima, na yanayomzidi ana wajibu wa kuyapeleka mbele kwa rufaa. Anayeruka ngazi hiyo akaenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa sababu ya mafua hupoteza siku, na mara nyingi hulipa zaidi, kwa kuwa bima nyingi hazigharimii hospitali za juu bila karatasi ya rufaa.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni dogo

Usisome hatua zinazofuata ikiwa mgonjwa ana mojawapo ya dalili hizi: anashindwa kupumua vizuri, ana maumivu makali ya kifua, amepooza upande mmoja au mdomo umepinda ghafla, amepoteza fahamu, anatoka damu isiyokatika, au shingo imekakamaa pamoja na homa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, dalili za hatari ni kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, degedege, na kulegea hata asiamke vizuri. Mhesabie pia pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, kwani pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi za haraka zinazohitaji kuonwa siku hiyohiyo. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana huku akiona ukungu, au aliyepata degedege, apigiwe simu namba 115, ambayo ni ya bure na huratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitali iliyo karibu. Kama iliyo karibu ni zahanati tu, mpeleke huko, lakini usikae naye kwenye benchi. Ingia, sema kwa sauti ya kusikika, "Nesi, nina mgonjwa mahututi," na utapishwa.

Aliyeumwa na mbwa naye hana tatizo dogo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda mara moja ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, hakuna dawa ya kuutibu.

Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho cha taifa au namba yake, na kadi ya bima kama unayo, iwe ya NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), ya CHF (mfuko wa afya ya jamii) au ya kampuni binafsi.
- Daftari dogo la shule litakalotumika kwa matibabu yako peke yake. Zahanati nyingi bado huandika maelezo humo hata pale zinapotumia kompyuta, na mgonjwa mwenye daftari la miaka miwili humsaidia tabibu kuliko mwenye karatasi mpya kila mara.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, au ya mjamzito.
- Dawa zote unazotumia sasa, zikiwa kwenye bahasha au maboksi yake, pamoja na za asili.
- Fedha taslimu kiasi, au simu yenye salio la kulipia. Vituo vya serikali hutoa namba ya malipo unayolipia kwa simu au benki.
- Maji ya kunywa na chakula kidogo, hasa ukiwa na mtoto.

Kwa mujibu wa sera ya afya, katika vituo vya serikali watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hupata huduma kwa msamaha wa malipo. Mzee anapaswa kuwa na kitambulisho cha msamaha huo, kinachoanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa, kwa hiyo kishughulikie wakati ana afya njema, usisubiri augue.

Hatua kwa hatua

1. *Andika habari za ugonjwa kabla ya kutoka nyumbani.* Hii ndiyo hatua ambayo watu huidharau kuliko zote, nami ningependa uipe uzito kuliko zote. Ukishaingia chumbani, tabibu ana dakika chache, nje kuna watu thelathini, na wewe umechoka. Andika ugonjwa ulianza siku gani, ulianza na nini, nini kimeongezeka, umemeza dawa gani na saa ngapi. Homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi si sawa na homa ya kutwa nzima. Kuharisha mara tatu si sawa na kuharisha mara kumi, na kuharisha damu ni jambo jingine kabisa. Andika pia dawa yoyote iliyowahi kukudhuru. Mama yangu mzazi alipata malengelenge mdomoni na machoni baada ya kupewa Septrin katika kituo kimoja, si kwa uzembe wa aliyemwandikia, bali kwa sababu hakuna aliyekumbuka kusema kwamba miaka ya nyuma Fansidar ilimfanya hivyohivyo. Dawa hizo mbili zote zina salfa. Tangu siku hiyo, jalada la daftari lake lina maandishi ya wino mwekundu: MZIO WA SALFA.

2. *Fika asubuhi.* Kazi za kawaida katika zahanati nyingi za serikali huanza saa 1:30 asubuhi na kumalizika saa 9:30 alasiri. Anayefika saa nane mchana akihitaji kipimo anaweza kukuta mtu wa maabara ameshaanza kufunga. Jumatatu ndiyo siku yenye msongamano, kwa hiyo tatizo linaloweza kungoja, kama fangasi wa miguu, lilete katikati ya wiki.

3. *Jiandikishe mapokezi.* Taja majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, umri, mtaa, na namba ya simu. Ukitumia bima, sema hapo mwanzo kabisa, kwa sababu uhakiki hufanyika kabla ya huduma, na aliyekwisha kulipa taslimu ni vigumu kurudishiwa. Uliza pia gharama ya kumwona tabibu, kisha udai risiti.

4. *Kubali kupimwa joto, presha na uzito.* Uzito ndio unaotumika kukadiria dawa ya mtoto, na presha iliyopanda haina maumivu, hivyo wengi huigundua siku waliyokuja kwa ajili ya koo. Keti dakika tano kabla ya kupimwa, miguu ikigusa sakafu, usiongee, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Ikisoma 140/90 au zaidi, usijitangazie ugonjwa wala usipuuze. Omba ipimwe tena baada ya mapumziko, halafu siku nyingine.

5. *Mweleze tabibu tatizo lako, usimpe jina la ugonjwa.* Anayeingia na kusema "nina taifodi" huwa amemfungia tabibu njia nyingine zote. Maelezo mazuri ni kama haya: "Dokta, tangu juzi jioni nina homa, kichwa kinauma upande wa mbele, sijaharisha, sikohoi, jana usiku nilimeza Panadol mbili nikapata nafuu hadi alfajiri." Sema kama una ujauzito au unaudhania, kama unanyonyesha, kama una vidonda vya tumbo, kisukari au pumu. Kama tatizo ni la sehemu za siri, una haki ya kuomba mlango ufungwe na asiyehusika atoke, nawe hutakuwa mtu wa kwanza kuomba hivyo siku hiyo.

6. *Nenda maabara ukiwa unajua kipimo ulichoandikiwa.* Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Ukiandikiwa mkojo, nawa kwanza, mwaga mkojo wa mwanzo chooni, kinga wa katikati, funga kopo, na uupeleke hapohapo, kwani mkojo uliokaa juani huzaa vijidudu ambavyo havikutoka kwako. Mwanamke aliye hedhini amwambie mtu wa maabara kabla ya kutoa mkojo. Ukiandikiwa choo kikubwa, kisichanganywe na mkojo, na kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha. Kama kikohozi kimefikisha wiki mbili au zaidi, omba wewe mwenyewe kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Matibabu ya ugonjwa huo hutolewa bure.

7. *Rudi kwa tabibu na majibu, usiende nayo duka la dawa.* Muulize mambo matatu: ninaumwa nini, dawa hii inatibu nini, na nikiona dalili gani nirudi haraka. Mwache amalize kujibu, na kama hukuelewa, mwombe arudie kwa maneno mepesi.

8. *Katika dirisha la dawa, fungua bahasha mbele ya mtoa dawa.* Juu yake utaona maandishi kama "1×3" au "2×2". Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa wakati mmoja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Nimewahi kumwona mzee aliyemeza vidonge vitatu asubuhi ili "amalize ya kutwa", kwa sababu hivyo ndivyo alivyoielewa 1×3. Mara tatu maana yake ni kila baada ya saa nane: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Uliza kama dawa humezwa kabla au baada ya chakula, na kwa siku ngapi, kisha umrudishie mtoa dawa maelezo hayo kwa maneno yako ili akusahihishe.

9. *Maliza dozi.* Dawa mseto ya malaria, ALu, ina dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa bila hayo mwili huipokea kwa kiasi pungufu. Watu wengi hupata nafuu siku ya pili na kuwawekea watoto vidonge vilivyobaki, jambo linalomwacha mgonjwa na vimelea mwilini na mtoto na dozi isiyolingana na uzito wake.

Makosa yanayojirudia

Kudai sindano au dripu. Kwa mtu anayeweza kunywa na kumeza bila kutapika, kidonge hufanya kazi ileile, bila hatari ya jipu wala ya kuchomwa mshipa wa fahamu. Dripu ni ya aliyeishiwa maji na asiyeweza kunywa, wala haiongezi "nguvu" kama inavyosemwa mitaani. Ninajua kwamba mgonjwa hujisikia hakutibiwa akirudi nyumbani bila kuchomwa, nami nakuomba uishinde hisia hiyo.

Kudai antibayotiki kwa mafua. Mafua husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Panadol, maji mengi na mapumziko ndiyo matibabu yenyewe, kwa hiyo aliyekuandikia hivyo hakukunyima kitu. Ila Panadol nayo ina mpaka wake, kwani mtu mzima asizidishe gramu 4, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwa saa 24, na achunguze dawa nyingine za maumivu anazotumia kama nazo zina parasetamoli. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Kupima "vyote" kila unapougua. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotea. Katika mji wetu ni kawaida mtu mwenye homa ya siku moja kutoka maabara na majina matatu: malaria, taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), halafu akabeba mfuko wa dawa za magonjwa yote hayo. Kipimo cha Widal, kinachotumiwa sana kwa taifodi, hakitafuti kijidudu chenyewe, bali hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya vijidudu, na kingamwili huweza kuwapo kwa sababu ya ugonjwa uliopita zamani au wa aina nyingine. Kwa hiyo jibu la Widal peke yake, kwa mtu asiye na homa ya siku kadhaa, si sababu tosha ya kumeza dawa za taifodi. Vilevile, chembechembe chache kwenye mkojo wa mtu asiye na maumivu wala dalili nyingine mara nyingi hazihitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye hushughulikiwa kwa namna yake. Una haki ya kuuliza kwa adabu, "Dokta, dalili zangu zinaendana na majibu haya?" Tabibu mwangalifu hatachukizwa na swali hilo.

Kumtibu mtoto anayeharisha kwa dawa za kufunga tumbo. Mtoto anahitaji ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Paketi ya ORS ya lita moja ichanganywe kwenye lita moja kamili ya maji safi, si kwenye kikombe, na iliyochanganywa imwagwe baada ya saa 24. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

Mambo yakienda kombo

*Dawa uliyoandikiwa haipo.* Omba uandikiwe jina halisi la dawa, si la kampuni, pamoja na nguvu yake na idadi ya siku. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usikubali kubadilishiwa dawa "inayofanana" kabla ya kumpigia simu au kumrudia aliyekuandikia. Usinunue nusu dozi. Kama fedha haitoshi, rudi ukaseme hivyo, kwa kuwa huenda ipo dawa nyingine ya bei nafuu au iliyopo dirishani.

*Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini homa inaendelea.* Usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha, maana homa ina sababu nyingi. Rudi baada ya siku mbili, au mapema zaidi hali ikibadilika, uchunguzwe upya.

*Umemaliza ALu, umepima tena, na kipimo cha haraka bado kinaonyesha malaria.* Kipimo hicho huona protini ya vimelea, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kama huna homa, hakuna haja ya kukirudia. Kama homa ipo, omba kipimo cha damu kwa darubini.

*Umetokwa na upele, umevimba midomo au unawashwa baada ya dawa.* Acha dawa na urudi siku hiyohiyo ukiwa na bahasha yake. Ukiona malengelenge, vidonda mdomoni, au ukipumua kwa shida, hiyo ni dharura ya hospitali. Baada ya kupona, andika jina la dawa hiyo kwenye jalada la daftari.

*Mtandao wa bima umekatika.* Omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, au msimamizi wa bima wa kituo kabla ya kulipa chochote, kwa sababu vituo vingi vina utaratibu wa kukuhudumia kwa fomu wakati mfumo haufanyi kazi.

*Umeombwa fedha isiyo na risiti, au umejibiwa vibaya.* Mwone kwanza mganga mfawidhi, kwa utulivu, ukitaja siku, saa na dirisha. Ukishindwa, namba za simu za malalamiko huwa zimebandikwa ukutani, kuna sanduku la maoni, na kituo cha serikali kina kamati yake yenye wawakilishi wa wananchi. Malalamiko yenye saa na tarehe hufuatiliwa kwa urahisi kuliko maneno ya jumla.

*Siku tatu zimepita na hujapata nafuu.* Rudi kituo kilekile, si kingine, ukiwa na daftari na bahasha zote, hata zilizobaki tupu. Ukienda kwingine utaanza upya, na huenda ukapewa dawa ileile kwa jina jingine. Ukiwa kwenye kituo chako, tabibu ataona alichojaribu na kitakachofuata, na kama uwezo wa zahanati umefikia mwisho, atakuandikia rufaa. Usiondoke na karatasi hiyo kabla ya kuhakikisha ina muhuri, sahihi, jina la hospitali unayokwenda, na orodha ya vipimo na dawa ulizokwisha kupata, kisha nenda siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, kabla hujaanza kujiambia kwamba labda itapoa yenyewe.